Ni mimi, au ni ubongo wangu?



 

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, binti wa jamaa yetu mmoja hapa Kolwezi aliuliza swali katika darasa la vijana. Yuko mwaka wa kwanza wa masomo ya saikolojia. Mkononi alikuwa na daftari, na ndani yake alikuwa amechora kitu kama mti uliong'olewa na mizizi yake. Akasema: "Shehe, tumefundishwa kwamba kila tunachowaza, tunachokumbuka na kinachotukasirisha kinapita katika seli hizi. Sasa nikimpiga mdogo wangu, ni mimi niliyempiga au ni seli?"

Wazee walinyamaza. Kisha mmoja akasema masomo ya namna hiyo yanafuta imani. Baba yake binti, aliyekaa karibu na mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba hatalipa tena minervali yake mwaka ujao.

Niliombwa niandike jibu katika karatasi hii. Nimechukua majuma matatu, maana nilitaka kwanza nilisome lile daftari. Si haki kulijibu jambo usilolisoma.

Daftari linasema nini? Linasema kwamba ndani ya kichwa chako, wewe unayesoma sasa, mna kitu laini chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, au pungufu kidogo, na ndani yake mna seli za neva, yaani nyuroni, zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Vitabu vya zamani viliandika bilioni 100, mpaka mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walipozihesabu kwa njia mpya. Ubongo ni sehemu ndogo sana ya mwili, lakini unakula karibu sehemu ya tano ya nguvu tunayoipata katika bukari. Kila nyuroni ina matawi ya kupokea habari na mkia wa kuipeleka mbele. Mwaka 1906 Golgi wa Italia na Cajal wa Hispania walipewa pamoja zawadi ya Nobel kwa kuzichunguza seli hizi, na hata siku ya kupokea zawadi hawakukubaliana. Golgi alishikilia kwamba zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal alisema kila seli inasimama peke yake, na ndiye aliyekuwa sahihi. Kati ya seli na seli pana upenyo mdogo mno, unaoitwa sinapsi, na habari huuvuka kwa kemikali.

Mwalimu wao aliufananisha ule mkia na waya wa shaba. Mfano huu unatuingia haraka sisi watu wa Lualaba, tunaoijua laini ya umeme inayotoka Inga mpaka hapa Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982. Lakini mfano una kasoro. Katika shaba umeme unafika kama mara moja. Katika neva, chembe za sodiamu na potasiamu, zilezile zinazopatikana katika chumvi na ndizi, huingia na kutoka kwenye ngozi ya seli, mlango baada ya mlango, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mjerumani Helmholtz alipima neva ya chura mwaka 1850 akapata kama mita 27 kwa sekunde. Neva zetu zenye mwendo mkali zaidi hufika kama mita 120. Basi hata kabla mkono wako haujanyanyuka kwa hasira, kuna muda umepita. Ni mfupi sana, lakini upo.

Je, hili linaiondoa imani? Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuugawa ubongo katika vyumba: mbele pa kupokea sura za vitu, katikati pa kufikiri, nyuma pa kukumbuka. Alikosea, kwa maana kazi hiyo haifanywi na vyumba bali na nyama inayovizunguka. Imamu Ghazali alimpinga vikali katika mambo mengine, lakini alipofika kwenye habari hizi za nguvu za ubongo alikiri kwamba hakuna ndani yake kinachotulazimu tukikanushe kwa ajili ya dini. Kama Ghazali hakuliogopa, mzee wetu ana sababu gani ya kuliogopa daftari la binti?

Lakini swali la binti ni gumu zaidi. Hakuuliza kama Mungu yupo. Aliuliza lawama ni ya nani.

Katika daftari kuna habari ya Phineas Gage, msimamizi wa wapasua miamba wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na miaka 25, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba kwa mtarimbo wa zaidi ya mita moja. Baruti ikawaka. Mtarimbo ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Wengi wetu tumefanya kazi katika machimbo, sihitaji kueleza zaidi. Gage hakufa. Lakini daktari wake, Harlow, aliandika kwamba aliyekuwa mtulivu amekuwa mtu wa matusi asiye na subira, na rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Wanafunzi wengi huambiwa mpaka hapo tu. Nusu ya pili ni kwamba baadaye alikwenda Chile, akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria ya kuvutwa na farasi, kazi inayotaka utaratibu na kusikilizana na watu. Alifariki mwaka 1860. Kichwa kilichotobolewa kilijifunza tena adabu, angalau kwa kiasi.

Uko mfano ulio karibu nasi kuliko huo. Mwaka 1837 daktari Couper wa Glasgow alieleza ugonjwa wa watu waliokuwa wakisaga madini ya manganisi: miguu inalegea, mwili unainama mbele, sauti inafifia. Katika karne ya 20, wachimbaji wa manganisi huko Chile walionekana wakicheka bila sababu, wakilia, wakigombana na watu, na wenyeji wakauita wazimu wa manganisi. Vumbi liliwaingia puani likafika ubongoni. Hapa mkoani kwetu sote tunalijua jina la Kisenge na tunajua kilichochimbwa kule. Sisemi kwamba kila mwenye hasira mjini amevuta vumbi. Nauliza tu: jirani yako akianza kucheka peke yake barabarani, neno gani litakutoka kwanza?

Sasa sharia. Tangu madrasa tumefundishwa kwamba aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyeondokewa na akili mpaka zimrudie, hawaandikiwi. Maana yake dhamana inafuata akili. Wanazuoni wetu hawakungoja nyuroni zigunduliwe ndipo wajue kwamba akili inaweza kufunikwa. Walichokataa ni mwenye akili timamu kujificha nyuma ya mwili wake. Hakuna aliyesimama mbele ya kadhi akasema ulimi ndio uliosema uongo, mimi sikuwepo. Ulimi ni wako, na seli ni zako.

Kwa hiyo, binti yangu, ni wewe uliyempiga.

Na elimu hii inaongeza uzito badala ya kuupunguza. Daftari lako linasema sinapsi inayotumika mara kwa mara hupata nguvu. Mwaka 2000 ilichapishwa kazi ya Eleanor Maguire na wenzake kuhusu madereva wa teksi wa London, wanaokariri maelfu ya barabara. Sehemu ya nyuma ya kile kiungo cha ubongo kinachotunza kumbukumbu ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Mwanafunzi wa Kurani anayerudia juzuu yake anajua jambo hili bila kupimwa kichwa. Mwenye kupiga anapaswa kulijua pia: kofi la leo linairahisishia njia kofi la kesho.

Nilidhani jibu langu limekwisha hapo. Nikaenda nyumbani kwao kurudisha daftari.

Mdogo wake ana miaka 11. Ana kifafa. Kwenye mkono wake wa kulia lina kovu refu, kwa sababu aliangukia mbabula yenye makaa. Dada mtu akaniambia, bila kunitazama, kwamba lile halikuwa swali la mfano. Alimpiga kweli, zaidi ya mara moja, mtoto akiwa chini anatetemeka, kwa sababu watu wazima walimwambia kipigo kinamuumiza jini na siyo mtoto. Kisha akaingia darasani akasikia kwamba kifafa ni nyuroni nyingi kuwaka pamoja kwa wakati mmoja, bila mpango. Tangu siku hiyo halali vizuri.

Basi mimi nilikuwa nimejibu nusu. Nilimtafuta aliyepiga, nikamsahau aliyepigwa. Mtoto yule aliadhibiwa kwa teke asilolikusudia, akiwa katika hali ambayo hata kalamu ya malaika haimwandikii. Na sisi tuliosimama pembeni tulikuwa na akili zetu zote. Nami nimo. Siku alipoanguka safuni nilivuta kanzu yangu nisiguswe na povu. Kifafa hakiambukizi, wala kwa povu wala kwa mate.

Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akalalamika kwamba huanguka kifafa na nguo humfunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke, na Mtume akamwombea hilo. Soma tena pole pole. Hakupigwa wala hakutuhumiwa. Alisikilizwa, na sitara yake ikaangaliwa.

Huko Mahenge, Tanzania, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatibu wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta wengine wana makovu ya moto kama ya mtoto wetu, kwa sababu watu waliogopa kumgusa anayeanguka. Aliwapa fenobarbitali, dawa ya bei ndogo iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Wengi walipungukiwa na maradhi wakarudi mashambani.

Mtu akianguka mbele yako, ondoa moto na vitu vikali karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Usimfunge, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimmwagie maji. Mtetemeko ukipungua, mlaze ubavu. Ukipita dakika 5, au ukianza mwingine kabla hajazinduka, mpeleke hospitali. Anayekunywa dawa asiiache ghafla, hata Ramadhani, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na anayetaka kufunga amuulize daktari kwanza kama saa za kunywa zinaweza kuhamia futari na daku. Kusoma Kurani na kuomba dua hakuzuiwi na kidonge.

Baba yake amesema bado anafikiria juu ya minervali. Mtoto ameanza dawa majuma mawili yaliyopita. Ijumaa hii atakuwa safu ya tatu, upande wa dirisha, pamoja na baba yake.