Kumdanganya Mtoto Ambaye Hatakumbuka

Swali langu ni dogo, na ukilipita haraka utasema hata si swali. Je, ni vibaya kumdanganya mtoto ambaye bado hajatimiza miaka miwili? Sisemi habari ya kumpiga wala kumnyima chakula. Nasema ule uongo wa kila siku unaousikia ukipita kati ya nyumba za zoni yoyote hapa Nyarugusu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi: mama anakuja sasa hivi, biskuti zimeisha, nyonyo imeoza, ukilia askari atakuja kukubeba.

Nimeanza kulifikiria kwa sababu mwanangu ana miezi 23, na katika umri huu ndipo uongo unaanza kufanya kazi. Mtoto wa miezi sita huwezi kumdanganya kwa maneno, kwake maneno bado ni sauti tu. Mtoto wa miaka minne atakushika: "Mama, si ulisema?" Huyu wa katikati yuko mahali pabaya. Anaelewa vya kutosha ili adanganyike, lakini hana maneno ya kukudai.

Maneno yake ni kama 50 hivi, nimejaribu kuyahesabu. Sisi ni Wabembe, watu wa Fizi. Bibi yake anamsemesha Kibembe, mimi na baba yake Kiswahili, lakini neno lake la kukataa ni "oya", yaani Kirundi, amelipata kwa watoto wa jirani ambao wazazi wao walifika toka Burundi mwaka 2015. Ukimwambia njoo uoge, oya. Ukimwambia kula, oya, halafu anakula. Nikibeba bidoni kwenda bombani naye anabeba kikombe chake cha plastiki, anakijaza, anakimwaga njiani, anataka turudi akajaze tena. Safari ya dakika kumi inakuwa ya nusu saa. Na kila kitu ni "yangu": kikombe, kuku wa jirani, hata bidoni lenye maandishi ya shirika ubavuni. Hapo huwa nacheka. Mtu pekee wa nyumba yetu anayeamini kwamba bidoni lile ni lake!

Sasa, asubuhi tatu kwa wiki nakwenda kituo cha vijana. Siku za mgao pia siwezi kwenda naye, foleni ya juani si mahali pa mtoto. Njia iliyozoeleka hapa kwetu mnaijua: bibi anamwonyesha kuku, mama anapita nyuma ya nyumba na kupotea. Wanawake wote watakuambia, usimuage, ukimuaga atalia. Kweli, ukimuaga atalia. Lakini ukitoroka analia vilevile, ila wewe haupo, husikii. Kilio hakijapungua hata kidogo, kimehamishiwa kwa bibi.

Kuna jambo lingine. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, aliyechunguza watoto wake mwenyewe, alionyesha kwamba mtoto mdogo sana kitu kikifichwa ni kama hakipo tena. Kadiri anavyokaribia miaka miwili anajua kwamba kitu kilichofichwa kipo mahali fulani, na atakitafuta hata pale ambapo hakuona kikiwekwa. Hii naiona kila siku. Zamani nikipita nyuma ya nyumba nilikuwa nimekwisha. Siku hizi anazunguka nyumba, anafungua pazia, anachungulia chini ya kitanda cha kamba, anaita. Anajua nipo, ila hajui ni nani aliyenificha. Basi mimi namuaga. Namwambia, "Mama anakwenda kazini, atarudi jua likiwa juu." Analia mlangoni, nasikia mpaka kwenye mfereji, halafu ananyamaza. Baada ya wiki tatu hivi alianza kunipungia mkono huku analia. Vitu vyote viwili kwa pamoja.

Watu wenye akili wananijibu hivi: hatakumbuka. Na wana hoja. Watu wazima wengi wakiulizwa kumbukumbu yao ya kwanza wanataja jambo la miaka mitatu au zaidi. Kila nitakachomwambia mwezi huu kitafutika. Kama uongo ni kosa kwa sababu unamwumiza mtu, na huyu mtu hatabaki na kovu, basi kosa liko wapi?

Kuhusu kovu nina habari ya nyumbani. Mwaka 1996 mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika usiku akiwa na kaka yangu, ambaye alikuwa na umri wa mwanangu wa sasa. Kwenye mtumbwi waliambiwa mtoto yeyote asitoe sauti. Mama akamnong'oneza kwamba wanakwenda kwa bibi, akinyamaza atakuta ndizi. Bibi alikuwa amebaki Fizi. Kaka akanyamaza mpaka ng'ambo. Leo ni baba wa watoto watatu na hakumbuki mtumbwi, hakumbuki ziwa. Lakini mama anasimulia kwamba kwa miezi mingi hapa kambini, mtu akisema tu "twende kwa", hata kama ni twende kwa jirani, alikuwa anakaa chini na kushika majani. Mimi sikuwepo, nimezaliwa hapahapa baadaye. Ila mama hana tabia ya kutia chumvi.

Je, mama alikosea? Hapana. Siwezi hata kuliuliza kwa sauti. Katika kikundi chetu cha vijana tuliwahi kumjadili mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant. Mwaka 1797 aliandika kwamba uongo haukubaliki hata kama muuaji amesimama mlangoni anakuuliza rafiki yako amejificha wapi. Vijana walicheka sana. Mmoja akasema, huyu mzee hajawahi kukimbia. Nami nilicheka, kwa sababu ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu ambaye familia yake haikuokolewa na uongo fulani, wa mpakani, wa barabarani, wa jina.

Lakini tangu siku ile naona tunautumia ule mtumbwi vibaya. Tunasema, kwa kuwa uongo uliokoa maisha usiku ule, basi uongo ni chombo kama jembe, ukihitaji unauchukua. Mama hakufanya hivyo. Alipofika hapa alimwambia kaka ukweli: bibi alibaki, hatukwenda kwake. Alimwambia kila mara alipokaa chini na kushika majani, bila kujua kama anaelewa, mpaka siku moja akaacha. Yaani aliuchukulia ule uongo kama deni. Hakusema, ah, ni mtoto, atasahau.

Na ndiyo maana nashangaa kwamba yeye huyohuyo sasa tunagombana juu ya ziwa.

Maana jambo kubwa la miaka miwili kwetu ni kuachishwa ziwa. Kliniki wanatuambia, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, mtoto anyonye mpaka miaka miwili na hata zaidi. Mimi sina haraka ya kumaliza. Ila usiku nimechoka. Ananyonya mara nne, mara tano, halafu saa mbili asubuhi nasimama mbele ya vijana nikiwa nimekauka. Nimeamua usiku tuache, mchana tuendelee.

Njia za kuachisha tunazijua wote. Kuna shubiri, kuna pilipili. Wengine wanapaka majivu au mkaa ziwa liwe jeusi, mtoto akija anaambiwa tazama, nyonyo imeoza, ina mdudu. Wengine wanampeleka kwa shangazi zoni nyingine wiki nzima bila kumwambia, akirudi maziwa yamekauka. Mama yangu ni mtu wa shubiri. Alitulea sote kwa shubiri na anasema ni siku mbili tu, kwisha. Alileta jani lenyewe, likakaa juu ya dirisha.

Nililitazama lile jani muda mrefu. Uchungu wa shubiri si uongo, ni uchungu wa kweli, mtoto anauonja mwenyewe. Uongo uko kwenye kinachosemwa bila maneno: kwamba ziwa lenyewe limebadilika, limemkataa, na mama hana habari, anamwonea huruma tu. Mimi ndiye niliyepaka, halafu mimi ndiye ninayembembeleza, "pole mwanangu, nyonyo mbaya." Anakimbilia kwangu kutoka kwangu. Hilo ndilo linalonishinda. Uamuzi ni wangu na nina sababu zangu, sasa kwa nini nijifiche nyuma ya jani?

Basi namwambia: usiku hakuna nyonyo. Jua likitoka, iko. Rafiki yangu mmoja alinishauri niseme "nyonyo imelala". Nikajiuliza, na huu si uongo? Nafikiri inategemea. Mwanangu akijifunika kitenge kichwani anasema "toto haiko", nami naanza kuuliza, jamani mtoto yuko wapi? Hapo hakuna aliyedanganywa, sote tunajua yuko chini ya kitenge, na utamu wote uko hapo. Kama "nyonyo imelala" ni mchezo wa namna hiyo, sawa. Lakini saa nane usiku mtoto analia kwa kutaka kitu kwa roho yote, yeye hachezi. Nikicheza mimi peke yangu, si mchezo tena.

Nisije nikaeleweka kama wale wanaodhani mtoto apewe kila anachotaka. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe, na mimi sijawahi kuona mtu akimpa. Kusema ukweli na kusema hapana vinakwenda pamoja vizuri kabisa. Kwa kweli uongo mwingi tunaomwambia mtoto ni njia ya kukwepa kusema hapana. Biskuti zimeisha, maana yake biskuti zipo na sitaki ule. Askari atakubeba, maana yake mimi nimeshindwa kukunyamazisha, namwita mwenye bunduki. Huo wa askari ndio uongo ninaouchukia kuliko wote, tena katika kambi. Watu waliomkimbia mwenye bunduki wanamfundisha mtoto kwamba mwenye bunduki huja ukilia.

Hata hivyo bibi yake ana hoja moja ambayo sina jibu lake safi. Nyumba zetu ni za matofali ya udongo, ukuta wa jirani uko pale. Mwanangu akilia saa nane usiku anawaamsha watu wa nyumba tatu. Shubiri ni siku mbili. Ukweli wangu umechukua siku kumi na sita na bado. Usiku mmoja mama aliniambia kupitia pazia: "Juu ya nini unamusumbua mutoto na maneno mengi? Unataka ajue nini?" Na jirani yetu, ambaye anaamka alfajiri kwenda kuchoma matofali, hakusema kitu, lakini asubuhi aliitikia salamu yangu kwa kifupi. Kwa hiyo kuna watu wanalipia msimamo wangu na sikuwauliza. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamweleza kwamba zimebaki siku chache, kisha nikajirekebisha nikasema sijui zimebaki ngapi. Akacheka. Alisema wake wanne wote walitumia pilipili.

Neno ninalolisikia sana katika haya yote ni "hataelewa". Kwa nini umwambie, hataelewa. Nalisikia nyumbani, nalisikia pia nje ya nyumba. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kurasa hizi, naomba mnivumilie kidogo. Mgao ukipungua, au orodha ikibadilika, mara nyingi tunapata "mtajulishwa" au "linashughulikiwa". Najua wengi wenu hamdanganyi, hamjui tu, na wakubwa wenu hawajawaambia. Lakini mtu asiyejua akisema linashughulikiwa, amefanya kama mama anayesema sasa hivi huku amefunga kanga ya safari. Mtu mzima akiambiwa "sijui" anaweza kupanga: auze nini, akope kwa nani. Akiambiwa sasa hivi, anakaa mlangoni. Kwa mtoto sina hakika kama ni hivyohivyo, ila naona yule anayeagwa anarudi kuchezea kuku mapema kuliko yule anayezunguka nyumba akitafuta.

Kama nimekosea kuhusu akili za watoto, sawa. Hatakumbuka usiku hizi, hilo nalikubali. Lakini mimi nitakumbuka. Naye kila siku anajifunza maneno yangu yana uzito gani, hata kabla hajayajua yote. Neno "jua" sasa analijua vizuri. Likianza kuonekana kwenye nyufa za mlango ananiamsha kwa kunigonga kifuani: "Mama, jua." Siwezi kubisha, jua lipo kweli. Napewa amri nami natii.

Mwezi ujao anatimiza miaka miwili. Wale wa lishe huzungumzia siku 1,000 za mwanzo, toka mimba mpaka umri huo, na unga wa uji anaoupata umepangwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Akishatimiza, jina lake linatoka. Yeye anaufahamu ule mfuko kwa rangi, akiuona anakimbia kuchukua kikombe chake. Bibi yake amependekeza tuuweke mfuko mtupu dirishani na kumwambia unga unakuja. Baba yake anasema tuuchome kabla hajauona. Mimi nimewaambia tutampa mfuko aushike, autazame ndani mwenyewe, halafu tutamwambia hakuna tena. Atasema oya. Bado tunajadiliana.