Je, Yafaa Kuisifu Bidhaa kwa Ulimi wa Kukodi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: mzazi mmoja wa hapa Mombasa ameiletea darsa yetu swali ambalo tumeona lastahili kujibiwa mbele ya watu wote, kwani nyumba nyingi za pwani leo zina mtoto aliye katika hali kama hiyo. Binti yake asoma chuo kikuu Nairobi, naye akaa Umoja kwa mama yake mdogo. Chuo kilimtaka, kabla ya kumaliza masomo, afanye miezi mitatu ya mafunzo ya kazini. Akapata nafasi katika duka moja la nguo za kike huko Eastleigh, duka ambalo huuza kwa Instagram na TikTok zaidi kuliko linavyouza mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za abaya na madera, kuzitia maneno, na kuwajibu wanunuzi. Ujira hakupewa, aliahidiwa elimu, na sahihi katika daftari lake la mafunzo.

Wiki ya pili akaamrishwa mambo matatu. La kwanza, azipake picha rangi kwa simu, hata kitambaa chepesi kionekane kizito, na weusi uliofifia uonekane umekolea. La pili, aandike kwamba abaya zimetoka Dubai, ilhali zashonwa na fundi katika chumba cha nyuma ya duka. La tatu, afungue kurasa kwa majina 12 ya uongo, na kwa kila jina aandike sifa, kana kwamba ni wanawake walionunua wakaridhika. Binti akakataa kwa adabu, akasema yu tayari kuzipiga picha nguo penye mwangaza wa jua na kuzieleza kama zilivyo. Akajibiwa kwamba biashara ndivyo ilivyo. Tangu siku hiyo akawekwa kukunja nguo mpaka miezi ikaisha, na katika daftari lake pakaandikwa kwamba si mtiifu. Sasa mzazi auliza: je, alitenda sawa? Au ingalimpasa anyamaze mpaka sahihi ipatikane, maadamu yeye ni mwanagenzi tu, na dhambi ni ya mwenye duka?

Kwanza twataka kuliondoa jambo moja njiani. Wapo watakaolisikia swali hili wakasema kosa ni la mzazi aliyemwacha binti kuingia katika kazi ya mitindo ya mavazi na mitandao ya kijamii. Sisi hatukubaliani nao. Imethubutu katika hadithi sahihi kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Mtume (S.A.W.) aliyabainisha hayo alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, akafahamisha kwamba kiburi si hicho, bali kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Wala kuuza nguo kwa kuipamba si jambo geni kwetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza hapa Mombasa mwaka 1887, miaka 12 kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuwa mji wa Nairobi. Na leso zake zikajulikana kote pwani kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Mama zetu walizichagua leso kwa rangi na kwa maneno yake, na hakuna mwanachuoni aliyewakataza. Lakini iangalieni ile chapa. Mwenye mali alilitia jina pembeni mwa nguo, mahali linapoonekana. Leso ikichujuka kwa fuo la kwanza, mnunuzi ajua ni nani wa kulaumiwa. Jina lilikuwa dhamana. Basi shida ya leo haiko katika kupamba nguo, wala haiko katika simu. Iko katika sifa isiyokuwa na mwenyewe.

Sasa tuyatazame yale mambo matatu. Watu hudhani kwamba kwa kuwa simu ni mpya, basi dhambi zake nazo ni mpya na hazina hukumu vitabuni. Sivyo.

Jambo la kwanza, la picha, lajulikana katika sheria tangu zamani. Waarabu walikuwa na hila katika kuuza wanyama: mtu akitaka kumuuza ngamia au mbuzi, humwacha siku kadhaa bila kumkama, kiwele kikajaa, mnunuzi akadhani kwamba ndiyo kawaida yake kila siku. Hila hiyo yaitwa tasriya. Mtume (S.A.W.) aliikataza, na aliyedanganywa akampa khiyari baada ya kumkama mnyama: akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Zingatieni kwamba muuzaji yule huenda hakutamka neno la uongo hata moja. Kiwele ndicho kilichomsemea. Picha iliyopakwa rangi ili kuficha wepesi wa kitambaa ni kiwele hicho hicho.

Jambo la pili ni maelezo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu kisichoonwa na mnunuzi hakisihi kuuzwa. Njia iliyo wazi ni kuuza kwa sifa, kwa mkataba wa salam, na sifa zenyewe zitajwe barabara. Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa yameruhusu kuuza kisichoonwa, walakini mnunuzi akikiona ana khiyari ya kukirudisha. Ukishika kauli hii au ile, utafika mahali pamoja: mwanamke wa Lamu anayetuma fedha kwa M-Pesa kununua abaya iliyoko Eastleigh hana macho dukani, na maelezo ya muuzaji ndiyo macho yake. Mwenye kuyageuza maelezo hayo amempofusha. Na tusimsahau fundi. Abaya ile ni kazi ya mikono yake. Kusema imetoka Dubai ni kumdanganya mnunuzi na pia kumpokonya fundi sifa iliyo haki yake.

Jambo la tatu, la majina ya uongo, ndilo baya zaidi, nalo lina jina lake: najshi. Najshi ni mtu kuipandisha bei ya kitu asichokitaka, ili mwingine adanganyike akinunue ghali. Na wako maulamaa waliotia ndani yake kuisifu bidhaa kwa uongo ili watu waitamani. Mtume (S.A.W.) ameikataza, na maulamaa wamewafikiana kwamba mwenye kuifanya ana dhambi. Zamani mfanya najshi alilazimika kwenda sokoni kwa miguu yake, na akirudia mara nyingi watu humjua uso. Leo mtu mmoja akiwa ameketi kitini huwa wanunuzi 12 kwa saa moja, na hapana amjuaye.

Wenye maduka wana jibu lao. Husema kwamba kila mtu ajua kuwa matangazo hutiwa chumvi, kwa hiyo hapana anayedanganyika. Twawauliza: kama hapana anayedanganyika, mbona hulipwa fedha ili kuongeza wafuasi wa uongo? Hakuna mfanya biashara atoaye shilingi yake kununua kitu kisicho na kazi. Uongo hununuliwa kwa sababu yuko anayeuamini. Na mwenye kuuamini zaidi mara nyingi ni yule mnyonge, aliyedunduliza miezi mitatu apate vazi la Idi, na hana nauli ya kwenda Nairobi kulishika kwa mkono wake. Hata sheria ya nchi haikulikubali jibu lao: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomhitajia, na Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 yakataza kuieleza bidhaa kwa uongo.

Lasikitisha zaidi kwamba hayo yatendeka Eastleigh. Upande ule wa mashariki ya Nairobi si mgeni kwa watu wa pwani. Mji ule ulipokuwa mchanga palikuwa na kijiji ndani yake kilichoitwa Mombasa; na serikali ya kikoloni ilipovivunja vijiji vya namna hiyo, Waislamu wengi waliingia Pumwani, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengine wakahamia Shauri Moyo. Eastleigh ni jirani wa Pumwani, na biashara yake kubwa ya leo ilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita walipofungua maduka katika vyumba vya nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Wengi wao walifika mikono mitupu. Mtaji wao ulikuwa amana: mali ilitolewa kwa mkopo kwa neno la mtu, na fedha zilivuka nchi kwa hawala, mtu akiamini jina la mwenziwe. Soko lililojengwa kwa kuaminiana likianza kuuza kwa majina ya uongo, lala mtaji wake lenyewe.

Na sasa twafika penye kiini cha swali: hukumu ya mwanagenzi. Asili ya jambo ni kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini tupambanue. Mwanagenzi anayekunja nguo, au kufagia, au kuhesabu mali katika duka lenye udanganyifu, hawi mdanganyifu kwa hayo. Bali anayeandika sifa ya uongo kwa kidole chake amelitenda mwenyewe tendo lile. Amri ya mwenye duka yamwongezea mwenye duka dhambi, wala haimwondolei mwandishi yake. Na wanavyuoni walipozungumza juu ya mtu aliyelazimishwa, walikusudia vitisho vizito, kama kuuawa au kupigwa vibaya. Kukosa sahihi ni dhiki, nasi hatuifanyi ndogo, lakini si dhiki inayohalalisha kumdanganya Mwislamu, wala asiyekuwa Mwislamu.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba binti alitenda sawa. Walakini jibu hili ni jepesi kwetu sisi tulioketi mkekani msikitini, na ni zito kwake yeye ambaye huenda chuo kikamwambia arudie miezi mitatu. Mkweli akiachwa peke yake, ukweli wamwelemea. Basi swali la mzazi latugeukia sisi sote.

Mwenye duka alijua kwamba mwanagenzi hawezi kuhitimu bila ya daftari lile, akalifanya kamba ya kumfungia. Kisha akamtumia miezi mitatu bila ya ujira wala hata nauli ya kutoka Umoja. Akisema kwamba amemlipa elimu, twamwambia: elimu yaweza kuwa malipo, lakini ni elimu gani aliyofundisha? Kufundisha uongo ni kulipa kwa fedha bandia. Imepokewa kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mtesi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, asimpe haki yake. Katika Sura ya Al-Qasas, yule binti wa Madyan alimweleza baba yake kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu, na baba hakumwajiri Musa (A.S.) mpaka muda na malipo vikatajwa kwanza. Duka hili lililetewa mwaminifu hadi mlangoni, likamwandika kuwa si mtiifu.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto akipiga simu usiku na kutueleza jambo kama hili, wengi wetu husema: "Vumilia, mwanangu, upate karatasi yako." Neno hili lafanana na subira, lakini si subira. Subira ni kustahimili kukunja nguo miezi miwili kwa ajili ya haki, kama alivyofanya binti huyu. Na waadhi wetu nao, twawasikia mara nyingi wakihutubu juu ya urefu wa vazi la mwanamke na upana wake. Ni mara ngapi wamehutubu juu ya ukweli wa mwanamume anayeliuza? Sura ya Al-Mutaffifin yaanza kwa ole juu ya wapunjao vipimo, na picha leo ni kipimo.

Yapasa basi tutende. Mzazi aandike barua kwa chuo, aeleze kisa kwa heshima, na aombe mwalimu msimamizi amsikilize binti kabla ya kulishika neno la daftari. Wafanya biashara wetu wa Mombasa, ambao baadhi yao wana kurasa zenye hila hizo hizo, waanze kwa kufuta sifa za uongo zilizoko humo, na wampe mnunuzi siku tatu za kurudisha nguo. Na wale wanaoogopa Mungu katika biashara zao wajitokeze kuwapokea vijana wanaotafuta mahali pa kujifunza kazi, ili mtoto akikataa dhuluma katika duka moja awe na mlango mwingine wa kubisha.

Kwa binti mwenyewe twasema: lile neno "si mtiifu" lililoandikwa katika daftari lako lisikuvunje moyo. Yako maandishi mengine yanayoandikwa juu ya kila mtu, na waandishi wake hawapokei amri ya mwenye duka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki chumo zetu, azitengeze ndimi zetu, na awalinde watoto wetu popote walipo. Wabillahi tawfiki.