Hifadhi ya Gemu ni Mali ya Nani?
Hatua alizofikia mchezaji wa gemu ni mali yake, au ya mwenye mashine? Katika vibanda vya gemu vya Temeke na Kinondoni, enzi za PlayStation 2, mwenye memori kadi yake ya MB 8 aliichomoa akaondoka nayo mfukoni. PlayStation 5 imeuziba mlango huo: hifadhi za gemu zake hazinakiliki kwenye fleshi, na nakala ya mtandaoni hulipiwa. Diski ya ndani ya mashine ni ya mwenye kibanda, hilo halina ubishi. Kilichoandikwa humo, hata hivyo, ni jasho la kijana aliyelipia muda wake, hivyo ni amana, na Surat An-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Anayetaka kuifuta hifadhi hiyo apate nafasi anawajibika kumuuliza mchezaji kwanza.