Mwendo Unaorejea Ulikoanzia

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa limo lile la kama tendo lisilomfikisha mtendaji popote linaweza kuwa na maana, na ni matendo machache ya kila siku yanayolileta swali hilo karibu na maisha kama matembezi ya mzunguko, yaani matembezi ambayo mtu huyaanzia mahali fulani, akapita vijiji na vijia vya viunga vya mji, kisha akarejea palepale bila kununua kitu, kupeleka ujumbe wala kumjulia hali mtu. Aristotle, katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, aliyagawa matendo mafungu mawili: yako yale ambayo lengo lake liko nje ya tendo lenyewe, kama kujenga nyumba, kwa kuwa anayejenga bado hajajenga na aliyekwisha kujenga hajengi tena, na yako matendo timilifu, ambayo lengo lake limo ndani yake tangu mwanzo, kama kuona na kufikiri, kwa kuwa anayeona amekwisha kuona. Kutembea alikuweka katika fungu la kwanza, kwani mwendo kwake ni kutoka hapa kwenda kule. Kwa kipimo hicho mzunguko ni fumbo, maana “kule” kwake ni hapahapa, na mtembeaji alikuwa amekwisha kufika kabla hajainua mguu.

Mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau, ambaye insha yake juu ya kutembea ilichapishwa 1862, muda mfupi baada ya kifo chake, aliyahukumu vikali matembezi ya namna hiyo. Aliona kwamba watu wa zama zake huzunguka tu na kurudi jioni kwenye meko yaleyale, na kwamba atembeaye kweli ni yule aliye tayari kutorudi kabisa, aliyekwisha kulipa madeni yake, kuandika wosia na kuagana na jamaa zake. Hukumu hiyo inastahili heshima kwa sababu ina mizizi katika dini: Ibrahimu aliitwa aiache nchi yake, na Waislamu huhesabu miaka yao tangu Hijra, ambayo ni kuhama. Lakini dini hizohizo hazikuukataa mzunguko. Mwenye kuhiji hufanya tawafu, yaani huizunguka Kaaba mara saba, na kila mzunguko huishia usawa wa Jiwe Jeusi ulikoanzia, wala ibada hiyo haihesabiwi kuwa mwendo mtupu kwa sababu tu haiendi mbali. Anayeudharau mzunguko hukosea akidhani kwamba kilicho karibu kimekwisha kujulikana.

Dhana hiyo inapingwa na mahali pamoja kusini-mashariki mwa London, katika wilaya ya Bromley, ambako vijiji vya Downe, Keston na Leaves Green, vilivyokuwa sehemu ya Kent hadi 1965, vimeunganishwa na vijia vinavyopita kandokando ya mashamba na misitu midogo, kiasi kwamba mtu anaweza kuvizunguka kwa miguu na kurudi alikotoka kabla jua halijatua. Mwanasayansi Charles Darwin alihamia Downe 1842 akaishi hapo hadi alipofariki 1882. Mwaka 1846 alikodi kwa jirani yake kipande chembamba cha ardhi, akakipanda miti, akakizungushia kijia cha mchanga, na kwa miaka mingi alikuwa akikizunguka karibu kila siku, akihesabu mizunguko kwa mawe ya gumegume aliyoyasogeza kwa mguu. Haifai kudai kwamba kijia hicho ndicho kilichompa nadharia yake ya mageuzi, kwa kuwa mbegu zake alizipata katika safari ya bahari ya 1831 hadi 1836, ambayo nayo, ikumbukwe, ilikuwa mzunguko, kwani iliizunguka dunia na kuishia Uingereza ilikoanzia. Faida ya kukaa na kurudiarudia inaonekana mahali pengine. Desemba 1842 chokaa ilitandazwa juu ya shamba lililo karibu na nyumba yake. Mwishoni mwa 1871, baada ya miaka 29, lilichimbwa handaki hapo, na chokaa ile ikakutwa inchi 7 chini ya majani, imefukiwa na udongo ambao nyungunyungu, yaani minyoo ya ardhini, walikuwa wakiupandisha juu kidogo kidogo. Kitabu chake cha mwisho, cha 1881, kiliihusu kazi hiyo ya viumbe ambao watu huwakanyaga bila kuwaona.

Jambo kama hilo halimfunukii anayepita mara moja, hata awe na akili kiasi gani, kwa sababu mabadiliko ya polepole hujidhihirisha tu kwa anayerudi mahali pamoja akiwa na kumbukumbu ya jinsi palivyokuwa. Hapa ndipo fumbo la Aristotle linapofunguka: mzunguko unaorudiwa unatoka katika fungu la kwanza na kuingia la pili, kwa kuwa lengo lake ni kuona, na kuona kunatimia katika kila hatua.

Lakini kuona peke yake hakutoshi kuuelezea mzunguko, kwani umekuwa pia tendo la jamii. Katika parokia za Uingereza, parokia ikiwa ni eneo linalohudumiwa na kanisa moja, ilikuwapo desturi ya kasisi na waumini kuizunguka mipaka yao kwa miguu katika Siku za Maombi zinazotangulia Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. George Herbert, mshairi na kasisi aliyefariki 1633, aliitetea desturi hiyo katika kitabu kilichotolewa 1652, akaitajia faida nne: baraka juu ya mazao, haki katika kulinda mipaka, upendo wa majirani wanaotembea pamoja na kupatana kama wamegombana, na sadaka kwa maskini. Miji ya kale ya Waswahili nayo iliijua hekima hiyo, kwa kuwa ng'ombe alizungushwa mji huku Kurani ikisomwa, kisha akachinjwa na nyama ikagawanywa. Pande zote mbili mwendo haukutafuta kufika. Ulitafuta kuwakumbusha watu ni nani wanaoishi pamoja na ni kipi walichokabidhiwa kukitunza.

Hata hivyo, mzunguko huo una upande wa giza ambao Herbert hakuugusa. Tangu sheria ya 1601 kila parokia iliwajibika kwa maskini wake, na sheria ya 1662 ikaruhusu mgeni aliyedhaniwa kuwa atakuja kuhitaji msaada arudishwe kwao. Hivyo mpaka ulioombewa baraka ukawa pia ukuta wa kumfukuzia mnyonge. Anayejua vizuri mahali pake hushawishika kuamini kwamba wajibu wake unaishia hapo. Dawa ya kishawishi hicho iko katika vijia vilevile vya Keston, kwenye benchi la mawe lililowekwa 1862, kukumbuka mazungumzo ya 1787 ambayo mbunge William Wilberforce aliyafanya chini ya mwaloni na Waziri Mkuu William Pitt kabla ya kuamua kuipeleka bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Mazungumzo hayo hayakuwa peke yake yaliyoizaa sheria ya 1807 ya kukomesha biashara hiyo, kwani watumwa wenyewe walipigana, na Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alikieleza kisa chake kitabuni 1789. Na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Lakini mazungumzo hayo yanatosha kuonyesha kwamba kijia cha kiungani hakimzuii mtu kuwajibika kwa walio ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo mzunguko unahesabiwa haki pale tu unapobaki wazi kwa asiye wa hapo. Kwa vijia vya Uingereza uwazi huo una nguvu ya kisheria: sheria ya 1949 iliziagiza mamlaka za maeneo kuzichora njia za umma katika ramani rasmi, na njia iliyochorwa humo hupitiwa na yeyote, mwenyeji au mgeni, hata inapokatiza shamba la mtu, wala mwenye shamba hana mamlaka ya kuifunga kwa hiari yake mwenyewe.