Kicheko cha Nyumbani: Faraja au Ukwepaji?

Katika uhakiki wetu wa fasihi, tanzia imepewa heshima kubwa kuliko futuhi. Mwanafunzi huulizwa mara nyingi maana ya kilio cha mhusika, lakini ni nadra kuulizwa maana ya kicheko chake, kana kwamba kicheko ni jambo lililo wazi lisilohitaji kufafanuliwa. Makala haya yanakusudia kukishughulikia kicheko cha aina moja tu, yaani kile kinachozuka baina ya watu wa nyumba moja pale kero za kila siku zinapowakabili. Maji yamekatika, stima imepotea, karo haijatimia, na bado watu wa nyumba hiyo wanacheka. Swali letu ni la kimaadili: je, watu hao wanatenda jambo jema, au wanajidanganya tu?

Wanafalsafa wa Ulaya hawakukisifu sana kicheko. Thomas Hobbes, katika Leviathan (1651), alikiona kuwa ni majivuno ya ghafla yanayomjia mtu anapojilinganisha na mwenziwe aliye dhaifu. Henri Bergson naye, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotolewa mwaka 1900, alishikilia kuwa hatuwezi kucheka mpaka moyo uwe umenyamaza kwa kitambo, maana huruma na kicheko havikai pamoja. Iwapo wawili hawa wamesema kweli, basi kicheko cha jamaa ni kiburi au ni ugumu wa moyo, na hakistahili kuitwa furaha.

Hebu tuipime nadharia hiyo kwa mfano. Katika mitaa mingi ya Nairobi maji ya mfereji huja kwa zamu. Baba amejipaka sabuni mwili mzima. Mfereji unakohoa mara mbili, kisha unanyamaza. Anaita. Mkewe, akiwa nje ya mlango, anauliza kama aliyemo ndani ni mumewe au ni kondoo aliyeletwa kunyolewa. Watoto wanaangua kicheko. Baada ya kimya kifupi baba naye anacheka, huku ndoo ya maji yaliyowekwa akiba kwa kupikia ikipitishwa mlangoni.

Kicheko hiki hakielezeki kwa kauli ya Hobbes, kwa kuwa wanaocheka ndio wanaotoa maji yao ya chakula cha jioni. Wala hakielezeki kwa kauli ya Bergson, maana mioyo yao haikunyamaza. Laiti ingalinyamaza, ndoo isingalifika. Kicheko na ndoo vimekuja pamoja. Fauka ya hayo, kila mmoja anajua kuwa kesho huenda sabuni ikawa juu yake. Anayechekwa hakutengwa na wenziwe. Amekumbushwa kuwa ni mmoja wao. Hapa ndipo tunapoiona tofauti baina ya kuburudika na kufurahi. Maburudisho humtosha mtu aliye peke yake, ilhali furaha tunayoizungumzia inatokana na kutambua kuwa kero haikumkuta mtu peke yake.

Jamii zetu zilikwisha kulifahamu jambo hili na kulipa jina: utani. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1940, aliueleza utani kuwa ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na pengine anatakiwa, kumfanyia mwenziwe mzaha, na mwenziwe hapaswi kukasirika. Miongoni mwa Wakikuyu, ambao humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba, si ajabu bibi kumwita mjukuu huyo mumewe. Katika jamii kadhaa za Tanzania, watani huja msibani wakawatania wafiwa, na watani hao hao ndio wanaobeba kazi nzito za mazishi. Utani, basi, haukuwa leseni ya kumdharau mtu. Ulikuwa kicheko chenye wajibu ndani yake: anayetania ndiye anayesaidia.

Radcliffe-Brown alitofautisha pia utani wa pande mbili na ule wa upande mmoja, ambapo mmoja hutania na mwingine hunyamaza. Tofauti hii inatupatia kigezo cha kwanza. Zipo nyumba ambamo kicheko kina mtu wake maalumu: mtoto mwenye kigugumizi, au mke ambaye mapishi yake hayaishi kusimangwa mbele ya wageni. Huyo hucheka pamoja na wengine kwa sababu kutocheka kungemletea aibu nyingine. Kuhusu nyumba za namna hiyo Hobbes hakukosea. Hatuna budi kuuliza, basi, iwapo anayechekwa anayo nafasi ya kujibu, na iwapo akijibu, mwenye nguvu atacheka au atakunja uso.

Fasihi yetu imelionyesha hili kwa pande zote mbili. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anatuonyesha nyumba ya Zakaria, mlevi anayewatawala binti zake kwa hofu. Katika nyumba kama hiyo furaha ya pamoja haiwezi kuota mizizi. Kwa upande mwingine, watazamaji wa Vitimbi katika televisheni ya KBC watakumbuka jinsi Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alivyomwigiza Mzee Ojwang. Mwenye nyumba huyo alijigamba, na Mama Kayai akamjibu. Kicheko kilipanda kumwelekea mwenye mamlaka, hakikuteremka kumwangukia mnyonge.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa. Yamkini mtu akasema kuwa familia inayocheka mfereji ukikauka inawapunguzia mzigo waliopaswa kuleta maji. Hoja hii haifai kupuuzwa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, mizaha haikukosekana gizani. Na mtu angeweza kuuliza kama mizaha hiyo ilizaa swali lolote kulipopambazuka. Jibu letu ni kwamba mzaha wenyewe huitaja kasoro. Yule mama hakusema kuwa maji yapo. Alisema wazi kuwa hayapo, na mumewe ni kondoo mwenye povu. Anayejidanganya huikana kero. Anayecheka ameikiri kwanza. Hata hivyo, mzaha ukishika mahali pa madai, pingamizi hili litasimama. Kicheko kinampa mtu uvumilivu wa kuifikisha siku mwisho; hakimpi ruhusa ya kunyamaza kesho yake.

Upo pia mpaka. Aristotle, katika Ushairi, alieleza kuwa kinachochekesha ni kosa au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Kero ni kero, na dhiki ni dhiki. Maji yaliyokatika siku moja ni kero. Mtoto anayelala njaa ni dhiki. Wapo wanaocheka hata katika dhiki, na kicheko chao kina heshima yake, lakini ni chao wenyewe. Aliye nje hana haki ya kumtaka mwenye njaa achangamke, wala ya kuusifia uchangamfu wake kana kwamba ni badala ya chakula.

Limebaki swali la wajibu. Kicheko hakiamrishwi. Mzazi anayewaambia watoto wacheke atapata meno, hatapata furaha. Je, tuseme basi kwamba maadili hayana la kusema hapa? La hasha. Lisiloweza kuamrishwa linaweza kuachiwa nafasi, na mwenye uwezo mkubwa wa kuiacha au kuiziba nafasi hiyo ni yule mwenye mamlaka nyumbani. Baba aliyejaa povu alikuwa na njia mbili: angeweza kufoka, na nyumba nzima ikanyamaza, au kucheka. Kwa kukubali kuchekwa hakupoteza heshima yake. Aliwajulisha wanawe kuwa heshima hiyo haivunjwi na mzaha. Kwa hiyo tunaona kuwa wajibu wa kwanza, kwa mwenye nguvu, ni kukubali kuchekwa. Hali kadhalika, mhakiki anapokutana na kicheko katika matini asikipite haraka. Na aulize nani anacheka, nani anaweza kujibu, na ndoo ya maji iko mkononi mwa nani.