Mama Mpya na Watoto wa Marehemu

Mtu aliyefiwa na mwenzi wake yu huru kuoa au kuolewa tena. Kifo kimekata kifungo cha ndoa ya kwanza. Ndivyo Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorinto katika barua yake ya kwanza, sura ya 7, na Eklezya inashika mafundisho hayo hata leo. Basi, wasomaji wapenzi, swali letu ni jingine. Mke mpya anapoingia nyumbani na kukuta watoto wa marehemu, je, anapaswa kuwapenda sawasawa na wale atakaowazaa mwenyewe?

Wengine hujibu upesi: ndiyo, mkristu huwapenda wote sawa. Jibu hilo ni tamu kulisikia, lakini humtwika mwanamke mzigo asioweza kuubeba kwa siku moja. Moyo hauamriwi. Hata mtoto haamriwi kupenda. Ukimwambia, "Huyu sasa ndiye mama yako," yeye huona kwamba mama yake amezikwa mara ya pili.

Wengine nao husema: ikiwa moyo hauamriwi, basi hakuna deni. Hao wanakosa zaidi. Moyo hauamriwi, lakini mkono huamriwa. Ni mkono unaopakua bugali na sombe, unaolipa masomo, unaompeleka mgonjwa kwa mganga. Katika mambo hayo hakuna mtoto wa kwanza wala wa pili. Na baba wa kambo hali kadhalika.

Tena haki hiyo yampasa kwanza mzazi aliyebaki. Tutoe mfano. Mwanamke amefariki, ameacha mashini ya kushona aliyoinunua kwa jasho lake. Mume anaoa, anampa mke mpya mashini ile, akidhani ametoa zawadi. Kumbe ametoa kitu ambacho watoto wana fungu lao ndani yake! Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na kuwapa robo tatu ya urithi. Lakini hakuna aliyewauliza. Kila binti anapoisikia mashini ile ikilia, anamchukia mama wa kambo, naye mama wa kambo hajui sababu. Kosa ni la baba.

Kwa hiyo, kabla ya arusi ya pili, baba akae na watoto wake, na ndugu za marehemu wawepo. Vitu vyake vihesabiwe mbele ya wote. Jina lake lisifichwe nyumbani. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea wafu, mke mpya aende Misa pamoja na watoto. Mfu hamnyang'anyi mtu mume wake. Naye mtoto aachwe achague mwenyewe kumwita Mama au Mama mdogo, mradi amheshimu.

Mtu atasema: haki bila upendo ni baridi kama nyumba isiyo na moto. Ni kweli. Lakini upendo wa namna hii huja polepole, nao huja kwa njia ya haki. Mtoto aliyetendewa sawa miaka kumi ana sababu ya kupenda. Na hata asipopenda, amekwisha kukua bila njaa na bila aibu.

Mtakatifu Yosefu alimlea Mtoto asiyemzaa. Katika Injili hatusomi hata neno moja alilolisema. Tunasoma aliyoyatenda: aliamka usiku, akamchukua Mtoto na mama yake, akakimbilia Misri.

Basi, ninyi mliofunga ndoa ya pili, msijipime kila jioni kama mioyo yenu inawapenda wote sawa. Jiulizeni kama wote wamekula, kama wote watakwenda masomoni kesho, na kama yuko mmoja aliyelala akilia. Kwa huyo, nendeni kwanza.