Kikapu cha Malimbuko na Habari za Mababa

Somo: Kumbukumbu la Torati 26:1–11



Katika somo hili Musa anawafundisha Waisraeli namna ya kuleta malimbuko. Mtu atwae mazao ya kwanza ya shamba lake, ayatie katika kikapu, aende nayo kwa kuhani. Lakini kikapu peke yake hakitoshi. Yampasa kufumbua kinywa chake na kueleza habari za ukoo wake mbele ya madhabahu. Wala hakuambiwa aanze na jambo la sifa. Aanze na baba aliyekuwa Mwaramu, mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache. Kisha ataje utumwa, ataje kilio, ataje mkono wa Mungu uliowatoa, na mwisho ataje nchi waliyopewa. Ndipo akiweke kikapu chini, asujudu.

Angalieni neno moja. Mtu huyu huenda amezaliwa miaka mingi sana baada ya Misri, wala hakuonja fimbo ya msimamizi. Walakini hasemi ya kuwa wao waliteswa. Husema ni sisi tulioteswa, ni sisi tuliolia, ni sisi tuliotolewa. Habari za mababa zimekuwa habari zake mwenyewe. Hivyo ndivyo Mungu atakavyo tuukumbuke ukoo wetu.

Mataifa mengi hupenda kuhesabu mababu. Huko Marekani wako watu wanaojivunia kuwa wazao wa wale waliofika kwa merikebu Mayflower mwaka 1620. Abiria walikuwa 102, na karibu nusu yao walikufa kwa baridi na maradhi kabla ya mwaka kwisha tangu wafike. Mwaka 1897 wazao wao waliunda chama chao, na mtu hawezi kuingia asipothibitisha ukoo wake, kizazi kwa kizazi. Si vibaya kuwakumbuka wazee waliotaabika. Lakini mwaka mmoja kabla yao, yaani 1619, Waafrika ishirini na zaidi walifikishwa Virginia wakiwa mateka wa kuuzwa. Majina ya watu wa Mayflower yanajulikana. Ya wale mateka, yaliyo mengi hayakuandikwa. Je, Mungu naye amewasahau? Hasha. Kitabu chake si kama vitabu vya wanadamu.

Tena hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuliona jambo hili. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 chama cha misioni cha Church Missionary Society kilianzisha mji bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mji ule ukaitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa kwa Sultani kwa shauri hilo. Waliokaa humo walitoka nchi mbalimbali, wenye lugha mbalimbali. Wengine walichukuliwa wangali watoto, hata njia ya kwao hawaijui. Ikawekwa kengele ya kuwaita watu na kuwaonya ikitokea hatari, na mahali pale panaitwa Kengeleni hata leo.

Katika watu wale alikuwamo Myao mmoja, jina lake Mbotela, aliyekuwa ametekwa katika utoto wake. Mwanawe, James Juma Mbotela, akazikusanya habari zile, akaziandika kwa Kiswahili katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934. Wako waliosoma baadaye wakasema ya kuwa aliwasifu mno Waingereza, na neno lao si la kupuuzwa. Lakini sisi twataka mtazame ujasiri wake. Mwana wa mtumwa angaliweza kunyamaza. Angaliweza kujitungia babu aliye mfalme, maana nani angalimkanusha? Hakufanya hivyo. Alisimama kama yule mtu wa kikapu, akasema mbele ya watu wote, Baba yangu alikuwa mtumwa, naye akawekwa huru.

Mithali husema, mwacha asili ni mtumwa. Basi hapa tumeona mtumwa asiyeacha asili, na kwa hiyo mwanawe alikuwa mtu huru kweli kweli, si huru wa mikono tu bali huru wa ulimi pia.

Sasa tuje nyumbani. Katika nchi yetu, iliyokuwa zamani Bugufi na Bushubi, si wachache ambao mababu zao walivuka Ruvubu au Kagera wakitafuta malisho, au wakikimbia njaa na vita. Nasi tuliokuwa watu wazima mwaka 1994 hatujasahau siku zile za mwisho wa Aprili, watu zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda kama wa siku moja, wakajaa Benako. Mtu aliyekuwa jana na shamba na ng'ombe, leo alikuwa na kadi ya chakula. Walio wengi walirudi kwao Desemba 1996. Lakini somo lao limebaki nasi, ya kuwa kati ya mwenyeji na mgeni pengine hakuna ila usiku mmoja.

Hata hivyo twasikia nini? Wawili wanapogombania mpaka wa shamba, mmoja humwambia mwenziwe, Wewe babu yako alikuja tu. Kijana anapotaka kuoa, watu hunong'ona kwamba ukoo ule walikuwa watumishi wa wenyewe. Na tunapochagua wazee wa kanisa, jina la mtu mwaminifu huachwa, wala hakuna asemaye sababu, bali wote waijua. Ndugu, hilo ni jambo zito. Mtu yule aliyeachwa hula mkate mmoja nasi mezani pa Bwana. Tukimkataa kwa ajili ya babu yake, tunaikataa pia meza iliyotuunganisha.

Someni tena Mathayo sura ya 1. Katika ukoo wa Bwana wetu ametajwa Rahabu wa Yeriko, ametajwa Ruthu Mmoabi. Roho Mtakatifu hakuwaficha. Naye Martin Luther hakuona haya kusema ya kuwa wazee wake walikuwa wakulima, ingawa alikaa na wakuu. Maana asili yetu iliyo kuu ni ubatizo, na hapo hakuna aliyetangulia kufika. Sote tuliletwa tukiwa mikono mitupu.

Basi kwenu, waalimu na wainjilisti, twaomba mfanye hivi kabla ya siku ya mavuno. Kila nyumba itafute daftari. Vijana wawaulize wazee wangali hai, waandike majina ya mababu na mabibi, mahali walipotoka, na sababu iliyowatoa. Wasiandike sifa tu. Ikiwa babu alikuwa mtumwa, iandikwe; ikiwa babu alimnunua mtumwa, hilo nalo liandikwe, maana toba huanza penye kweli. Na watakapoleta ndizi, maharage na kahawa mbele ya madhabahu, mmoja kwa kila nyumba aseme kwa maneno machache jinsi Mungu alivyowafikisha hapa.

Wala msisahau mwisho wa somo, mstari wa 11. Mtu akiisha kuliweka toleo lake, afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Mungu hakusema kwamba mgeni aulizwe kwanza babu yake ni nani. Mwenye kukumbuka vema kwamba baba yake alitangatanga, humpa mgeni nafasi mezani pake. Asiyempa, hata akitaja vizazi kumi, hajaujua ukoo wake bado.

Bwana, uliyetuita tungali mbali, utupe ulimi wa kweli juu ya mababa zetu, na moyo mweupe kwa jirani zetu. Amina.